Turubai lilizimeza stika zangu zote

Nilikuwa najisifu kwamba Fuso yangu ina stika za kuakisi mwanga kila upande, na trafiki hajawahi kunisimamisha kwa ajili hiyo. Basi usiku mmoja wa msimu wa tumbaku, tukitoka Urambo kuja Tabora mjini na marobota, senta bolti, ile inayoshikilia springi pamoja, ikakatika. Gari ikakaa upande, matairi ya nyuma yakiwa bado juu ya lami. Utingo akafanya tunachofanya wote: akakata matawi, akayamwaga barabarani. Pembetatu ya tahadhari tulikuwa nayo moja, imevunjika mguu.

Haikupita nusu saa, likaja basi. Likapiga breki, likaingia vumbini, kioo chake cha pembeni kikakwaruza bodi yetu. Nikajiandaa kutukanwa. Dereva, mtu mzima, akashuka na kuniambia taratibu, "Mdogo wangu, nimeona matawi tu. Gari yako sijaiona."

Nikambishia kwamba stika zipo. Akanishika mkono, tukarudi nyuma hatua kama hamsini, akawasha tochi. Giza. Turubai tulilofunga mzigo usipate umande lilikuwa limeshuka hadi kwenye bampa. Stika za ubavuni zilikuwa wazi, ila vumbi lilikuwa limezipaka rangi moja na barabara.

Piga hesabu mwenyewe. Gari iliyo kwenye kilomita 80 kwa saa inakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka, mita 33 zimekwisha kabla mguu haujagusa breki, na hapo kusimama bado. Taa zikiwa dimu zinamulika vizuri mita 40 hadi 60 hivi. Stika nzuri huonekana mbali zaidi ya hapo kwa sababu inaurudisha mwanga kulekule ulikotoka, kama macho ya paka gizani. Vumbi au turubai likikaa katikati, umebandika pambo.

Rangi wengi tunazijua: nyekundu nyuma, njano au nyeupe ubavuni, nyeupe mbele. Nyekundu usiiweke mbele hata kama fundi amebakiwa na kipande, maana anayekuja atadhani anakufuata. Matela ya mtumba ya Marekani huja na mkanda wa vipande vyekundu na vyeupe vinavyopokezana, umeandikwa DOT-C2. Wenzetu wa huko walianza kuudai kwenye matela mapya mwaka 1993. Mkanda wa kanuni za Ulaya una herufi E ndani ya duara na maandishi 104R. Tafuta alama hizo kabla ya kutoa hela, ingawa nazo zinaigwa.

Ndiyo maana mimi siku hizi nanunua usiku, au naingia na roli la stika kwenye stoo isiyo na mwanga. Shika tochi ya simu karibu na jicho lako, mwenzako arudi nyuma na kipande hatua thelathini. Feki hung'aa juani dukani, usiku inakuwa plastiki tu. Nimeshaliwa hela mara mbili, acha nikuokolee ya tatu.

Kubandika ndiko kunakoharibu zaidi. Bodi zetu nyingi ni za mbao, na stika haishiki ubao. Mvua za masika zikianza inabanduka kama ganda la muhogo. Fundi wangu hukata bati la alumini, analisafisha kwa spiriti, anabandika stika juu yake, kisha anapiga ripiti batini. Tumia spiriti, petroli inaacha mafuta. Iweke chini, usawa wa taa za gari ndogo, kwa sababu huko juu ya bodi mwanga wa dimu hauifikii.

Kwa turubai nimeshona kipande cha pili cha stika kwenye pindo lake la nyuma. Utingo ana kitambaa cha maji, kazi yake ya kwanza tukisimama kula Kaliua ni kufuta nyuma na ubavuni kabla hajaagiza ugali. Alinuna wiki mbili, akazoea.

Pembetatu sasa ninazo mbili. Matawi bado tunakata, sitadanganya, lakini mkimaliza kutengeneza yaondoeni. Juzi karibu na Usoke nimekuta rundo katikati ya lami, limeshakauka, bodaboda mmoja amelala pembeni anashika goti, na mwenye gari huenda ameshafika Dar.