Ufagio uliosimama kinyozini

Nanyoa nywele Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa sita sasa. Juni baridi ikikaza, vijana wa bodaboda hujazana kibandani kwangu kuota jiko, na stori za mashoga hazikawii kuanza. Siku moja mmoja akasema, "Mdogo wangu akiwa hivyo namchoma moto." Wakacheka. Nami nilicheka, na hilo linaniuma mpaka leo, maana kwenye kioo nilimwona kijana wangu wa kufagia kasimama, kisha akaanza kufagia palepale alipokwisha kufagia.

Miezi mingi baadaye akaniambia, "Kaka, nilitaka kutoka, nikaogopa wangejua kwa nini." Alishahama Mbeya, na ameniruhusu niandike.

Kwa hiyo vijana wenzangu, mkiongea haya, tenganisheni mambo. Anayelawiti mtoto anatenda ukatili. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, usiishie kupiga stori. Watu wazima wawili waliopendana ni habari nyingine kabisa. Kijiweni tunavipika chungu kimoja, na hasira ya kile cha kwanza tunammwagia mtu ambaye hajamgusa mtoto wa mtu.

Halafu jueni uzito wa kumtaja mtu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu ngono "kinyume cha maumbile", kinataja kifungo cha maisha, na si chini ya miaka 30. Jina ulilolirusha kwenye grupu la WhatsApp kwa utani linaweza kummaliza mtu, tena kwa sababu ya mwendo wake tu au sauti yake. Mimi sheria hiyo naiona kali mno. Hata wewe unayeiunga mkono, hakuna mahali inapokuruhusu kumpiga mtu.

Na hapa kwetu utafiti wa 2022/23 ulikuta karibu watu wazima 10 kati ya 100 mkoani Mbeya wanaishi na VVU. Anayeogopa kusemwa haendi kupima.

Rafiki akikufungukia, msikilize mpaka amalize. Usimuulize wengine ni nani. Usimhubirie usiku huohuo. Usimwambie hata mkeo.

Wiki iliyopita stori ilianza tena. Nikazima mashine, mteja kichwa nusu, nikasema, "Jamani, humu hatuchomi mtu, hata kwa mdomo." Wakanyamaza kidogo, wakahamia mechi ya Mbeya City. Anayefagia sasa ni kijana mwingine. Ya moyoni mwake siyajui, wala sitamuuliza. Nilitazama kwenye kioo: ufagio ulikuwa unatembea.