Namba ya mwisho kwenye OID ni ya nini?

SWALI: Nahudumia mtandao wa hoteli hapa Tanga. Nikiiuliza ruta kwa snmpget, amri ya SNMP (itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao), nikitumia OID (namba inayotambulisha taarifa ndani ya kifaa) 1.3.6.1.2.1.1.5, najibiwa noSuchInstance; kwa snmpwalk, namba ileile, jina la ruta linakuja. Halafu grafu ya porti ya faiba, niliyoiwekea 1.3.6.1.2.1.2.2.1.10.2, tangu umeme ukatike inasoma porti nyingine. Kasoro iko wapi?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Ndugu msomaji, ruta yako ni nzima. Namba 1.3.6.1.2.1.1.5 inataja aina ya kitu, sysName (jina la kifaa), wala si thamani yenyewe. Ni kama kumwambia bodaboda akupeleke barabara ya 12 Ngamiani bila kutaja nyumba: mtaani mtafika, mlango hamtaujua. Kitu ambacho kifaa kinacho kimoja tu huongezewa 0, hivyo andika 1.3.6.1.2.1.1.5.0. Snmpwalk ilifanikiwa kwa sababu huuliza kinachofuata baada ya namba uliyotoa, na kinachofuata hapo ni hiyo .5.0. Laiti ungejibiwa noSuchObject, maana yake kifaa hakiijui kabisa aina hiyo.

Kwenye jedwali, mwisho huwekwa fahirisi ya mstari, yaani kitambulisho chake. Katika 2.2.1.10.2 yako, 10 ni safu ya ifInOctets (baiti zilizoingia), na 2 ni ifIndex ya porti, yaani namba ambayo kifaa kimeipa porti hiyo. Fahirisi si lazima iwe namba moja: 1.3.6.1.2.1.4.20.1.2.192.168.10.1 inabeba anwani ya IP nzima mkiani, na jibu lake ni ifIndex ya porti yenye anwani hiyo. Fahirisi ikiwa neno, kwa kawaida hutangulia idadi ya herufi, kisha msimbo wa kila herufi. "Tanga" huwa 5.84.97.110.103.97.

Sasa grafu. Vifaa vingi hugawa ifIndex upya vikiwashwa, na hapo ndipo 2 yako ilipohamia kwingine. Pitia 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.1 kwa snmpwalk, tafuta jina la porti ya faiba, na namba ya mwisho ya mstari huo ndiyo ifIndex yake ya leo. Programu ya grafu iagize itafute kwa jina, isishike namba. Ruta ikiwa na mpangilio wa kutunza ifIndex, uwashe.

Ukiwa hapohapo, achana na safu ya 10. Kihesabu chake ni cha biti 32. Kwenye Mbps 100 zilizojaa kinarudi sifuri kabla ya dakika 6, na grafu inayosoma kila dakika 5 imebakiwa na nafasi finyu mno. Tumia 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6 yenye biti 64, fahirisi ileile, kwa SNMP toleo la 2c au la 3.