Hesabu Mizani Kabla Hujashika Gundi

Mama alikuwa barazani anapekua daftari langu la kwanza la kumbukumbu, kaunta buku lililonenepa kwa picha mpaka halifungiki bila kufungwa kamba. Akafika kwenye picha moja ya kivukoni Pangani. Shangazi ameshika ndara mkononi, mguu mmoja peku, mimi na binamu yangu tumeinama tumeshika mbavu.

"Hapa mlikuwa mnacheka nini?"

Nikasogea kusoma nilichoandika mwenyewe mwaka 2014. Maandishi ya rangi ya zambarau, yenye mapambo ya nyota: *Siku nzuri sana. Tulifurahi mno. Siku isiyosahaulika.*

Nilikuwa nimeisahau.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyoandika kwenye madaftari haya, na kilichonisaidia ni ushairi, ule ule tuliokaririshwa shuleni kwa ajili ya mtihani kisha tukauacha pamoja na sare. Sisemi uwe malenga. Mimi mwenyewe sina ubeti hata mmoja ninaoweza kuupeleka gazetini. Lakini ukibandika picha, tiketi, vipande vya kitambaa na majani makavu kwenye daftari, una nafasi ndogo ya kuandika, na washairi wa Kiswahili wamekuwa wakihangaika na nafasi ndogo kwa karne kadhaa.

Nilianza na mizani, yaani idadi ya silabi katika kila mshororo, mstari mmoja wa shairi. Mshororo wa utenzi una mizani 8, basi, na ubeti una mishororo 4. Mitatu ya kwanza inamalizika kwa kina kimoja, silabi ya mwisho inayofanana, wa nne unabeba bahari, yaani kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utenzi uishe. Unahesabu silabi kwa vidole, na kumbuka "m" ya "mtoto" inasimama peke yake: m-to-to, mizani 3. Sasa chukua yale maandishi yangu ya zambarau. "Nzuri sana" peke yake inakula mizani 4, nusu ya mshororo, na haijasema kitu. "Siku isiyosahaulika" ni mizani 10, haiingii hata ukiisukuma. Ndipo nilipoona tatizo langu: maneno niliyoyazoea ni makubwa, yanakaa kama wageni walioleta masanduku matatu kwa ajili ya kulala usiku mmoja.

Nikampigia binamu yangu. Yeye alikumbuka. Tulikuwa tunavuka kwenda Bweni, shangazi akakimbilia pantoni, ndara ikakatika mkanda, pantoni ikatuacha. Mvuvi mmoja akamrushia shangazi kipande cha kamba, naye shangazi akaifunga ndara pale pale, akavuka nayo na akarudi nayo. Nikachukua penseli na karatasi ya pembeni, nikahesabu nikifuta karibu saa nzima, mpaka ikakaa hivi:

*Ndara yake yakatika,*
*Na pantoni yaondoka,*
*Tulibaki tukicheka,*
*Kaifunga kwa katani.*

Si shairi la kutisha. Hakuna "nzuri" wala "furaha" humo ndani, lakini mama alipolisoma alicheka, na yeye hakuwepo kivukoni. Angalia pia kwamba "kaifunga" ni "akaifunga" iliyokatwa kichwa. Washairi wanaita inkisari, kufupisha neno ili litoshe, na wewe unaitumia kila siku unaposema "mamangu" au "babako". Kwenye daftari inakupa nafasi na inaleta sauti ya mtu anayeongea.

Ushauri wangu wa kwanza basi: andika kabla ya kubandika. Wengi tunafanya kinyume. Tunapanga picha, tunapaka gundi, tunachora maua, halafu kinabaki kipande cha sentimita mbili pembeni na tunakijaza kwa neno la kwanza lililokuja. Weka mishororo kwanza kwenye karatasi chakavu, ihesabu, isome kwa sauti, ndipo upange picha kuizunguka.

Lakini kuna kurasa ambazo ubeti mzima ni mwingi mno. Hapo ninakwenda kwa kanga.

Tanga tumekulia ndani ya kanga, tumebebwa ndani yake na tutafunikwa nayo, na kwa sababu hiyo hatuitazami. Itandaze mezani. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina. Sasa linganisha jina na mchoro. Mji una korosho, jina linasema *Mdhaniaye ndiye kumbe siye*. Korosho haikutajwa popote! Jina la kanga halielezi picha ya kanga. Picha inasema lake, maneno yanasema lao, na mvaaji yuko katikati anajua kwa nini ameinunua ile na siyo nyingine.

Sisi wa madaftari tunafanya nini? Tunabandika picha ya bibi na kuku wake, chini tunaandika "Bibi na kuku wake". Msomaji ana macho.

Bibi yangu alipofariki nilipiga picha moja tu jikoni kwake, mbuzi ya nazi ikiwa imeegemezwa ukutani, meno juu, namna alivyoiacha. Nilikaa na picha hiyo miezi. Kila nilichoandika kilikuwa kama risala ya mazishi. Mwishowe nikaandika kama jina la kanga, herufi kubwa, ndani ya kisanduku:

NAZI ZIPO MKUNAJI HAYUPO

Hesabu: mizani 11, sawasawa na *Mdhaniaye ndiye kumbe siye*. Sikuipanga, sikio ndilo lilipanga, maana limeshasikia majina ya kanga tangu utotoni. "Zipo" na "hayupo" zinafungana zenyewe. Ukurasa nikauzungushia ukanda wa pindo niliokata kwenye kanga yake iliyochanika. Kitambaa kibandike kwa gundi nzito, iliyopakwa kidogo sana na kwa brashi. Gundi ya maji hupenya na kuacha doa, na karatasi hujikunja kama chapati iliyosahaulika.

Ukitaka kujizoeza, usianze na msiba. Chukua picha yoyote ya kawaida, ya sahani ya wali, ya baiskeli, ya dirisha, na uitafutie jina ambalo halitaji kilichomo. Kisha mwonyeshe mtu umwulize anaelewa nini. Akicheka au akinyamaza, umepata. Akiuliza "maana yake nini?", rudi mezani.

Vina navyo vina kazi mbili. Ya kwanza unaijua, silabi zinazofanana. Ya pili niliigundua nikiangalia ubeti wa tarbia, ule wa mishororo 4 yenye mizani 16, uliokatwa katikati: kipande cha kushoto ukwapi, cha kulia utao, kila upande na kina chake kinachoshuka wima. Ukiutazama kwa mbali bila kuusoma ni ukurasa uliopangwa tayari, nguzo mbili za sauti. Nikajiuliza kwa nini nisifanye hivyo kwa rangi. Daftari likifunguliwa lina kurasa mbili zinazotazamana, ukwapi na utao. Ukurasa wa kushoto ukiishia na kitu chekundu, tuseme tiketi, wa kulia nao uishie na wekundu mahali pale pale, hata kama ni nukta ya kalamu tu. Jicho linasikia kina. Nilipoanza hivi niliacha kununua stika. Zilikuwa zinajaza tu, na bei zake unazijua.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote ni kibwagizo. Kwenye shairi ni mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, ule ambao waimbaji wote wanaupokea hata kama hawajui yaliyotangulia. Mwaka mmoja niliamua kupiga picha mwembe wa jirani kutoka dirishani kwangu, mara moja kila mwezi, na chini ya kila picha kuandika habari fupi ya mwezi huo. Mshororo wa mwisho ulikuwa mmoja, mizani 8: *Mwembe bado upo pale.*

Januari niliandika umeme ulivyokatika siku tatu. Mwembe bado upo pale. Machi mvua iliingia mpaka chini ya kitanda. Mwembe bado upo pale. Mei mtoto wa dada yangu alijifunza kusema "hapana" na akawa hasemi kingine. Mwembe bado upo pale. Kufika Julai maneno yale yalikuwa yamebadilika uzito bila mimi kuyagusa. Mwezi mbaya yalinifariji, mwezi mwema yalikuwa kama yananitania. Hiyo ndiyo kazi ya takriri, yaani kurudiarudia: neno halibadiliki ila linapokaa panabadilika.

Oktoba jirani alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Nilirudi jioni nikakuta kisiki na vumbi la msumeno. Picha nikapiga vile vile, habari ya mwezi nikaandika, na pale pa kibwagizo nikaacha mstari mtupu. Dada yangu alipopekua daftari alikuwa anasoma kwa sauti, na kila mwisho wa ukurasa anakipokea kibwagizo kwa wimbo kidogo, kwa utani. Alipofika Oktoba akafungua mdomo, akaufunga.

Kwa hiyo ukichagua kibwagizo, chagua kitu kinachoweza kukuangusha.

Mengine nitayapitia haraka. Tanakali za sauti zimeumbiwa kurasa hizi: chubwi, tifu, nyeupe pe, nyeusi tititi, kimya jii. Neno "chubwi" liandike likishuka herufi kwa herufi hadi kwenye maji uliyoyachora, hutahitaji kueleza kwamba kofia ilianguka baharini. Risiti na tiketi za mashine nazo zina ushairi wake, lakini zinachapwa kwa joto na baada ya muda hufifia hadi kubaki karatasi tupu. Zinakili kwa mkono mapema. Ninayo orodha ya bibi ya dukani, *sukari robo, majani, kibiriti, sabuni ya kipande, chenji mletee Asha*, niliyoikata mishororo tu bila kuongeza neno, na kwangu ni ubeti.

Na uandike kwa mtu. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858, katika beti za mwanzo kabisa alimwita aketi karibu naye na wino na karatasi. Hakuwa anahutubia ulimwengu. Kurasa zangu zilizokaa vizuri karibu zote zina "wewe" ndani yake, mara mama, mara mpwa wangu ambaye bado hajui kusoma. Zile nilizoandika kwa ajili ya kila mtu, hakuna anayesimama nazo.

Kuna watakaoniandikia kwamba mashairi yangu ni guni, vina vinapungua hapa, mizani inazidi pale. Ni kweli. Ugomvi wa wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, na washairi huru, wasiovifuata, ulipamba moto miaka ya 1970 na mpaka leo haujapoa, sina nia ya kuuleta kwenye gundi na mkasi. Mimi nahesabu mizani kwa sababu hesabu inanilazimisha nitupe neno la uvivu na nitafute ndara. Nikishaipata ndara, kama mshororo una mizani 9 na unasomeka, mara nyingi nauacha.

Ila si mara zote. Sikukuu ya Idi iliyopita shangazi alikuja nyumbani, na mama, ambaye hawezi kukaa na siri, akamletea daftari. Shangazi akavaa miwani, akasoma ubeti wake taratibu, kidole kwenye kila neno. Akarudia. Nikasubiri asifu.

"Katani ya wapi?"

"Ile kamba, shangazi. Uliyofungia ndara."

"Ile ilikuwa nailoni. Ya nyavu. Katani ingefika Bweni ile?"

Nikamweleza kwamba "kaifunga kwa nailoni" ni mizani 9, inazidi kwa moja. Akanitazama juu ya miwani kama mtu anayeangalia mizani ya muuza nyama.

"Basi punguza."

Nilikaa nayo jikoni wakati wanakula pilau, vidole vinahesabu kwenye ukingo wa meza. Kisha nikachukua peni, nikakata mstari mmoja juu ya mshororo wa nne, na chini yake, palipobaki sentimita moja, nikaandika: *Kafungia nailoni.*