Je, makato ya korosho ni wizi?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mimi ni mkulima wa korosho, Tandahimba. Kijana wetu aliyesoma anasema kodi yoyote ni wizi kwa kuwa huchukuliwa bila ridhaa, na hutoa ushahidi wa Aya ya kula mali kwa batili. Msimu uliopita niliuza magunia kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa pembeni nje ya chama chetu cha msingi cha ushirika, ili nikwepe makato ya ushuru na ya chama, nikalipa ada ya mtoto. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Nimeona nikujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu maneno haya sasa yanasemwa hata barazani baada ya swala ya Ijumaa.

Hoja hiyo ina wenyewe. Mwaka 1974 mwanafalsafa wa Marekani, Robert Nozick, aliandika kwamba kodi ya kipato cha kazi iko daraja moja na kazi ya kulazimishwa, kwa kuwa mtu ni mmiliki kamili wa alichokichuma kwa haki. Muislamu hawezi kuukubali msingi huo, ilhali Suratul-Hadid, Aya ya 7, inatuamrisha tutoe katika mali ambayo Allah ametufanya mawakili juu yake. Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inakataza batili. Haikusema kwamba kila kinachochukuliwa bila ridhaa ni batili. Kadhi humlipisha mdaiwa asiyetaka kulipa, na Abubakar (r.a.) aliwapiga vita waliozuia zaka. Anayeifanya ridhaa ya kila mtu kuwa sharti, atuambie basi kama Khalifa yule alikuwa mwizi!

Hata hivyo, uchungu wa kijana una asili. Mtume (s.a.w.) amemwonya mtoza ushuru wa dhuluma kwamba hataingia Peponi. Imamu Ghazali, wa madhehebu yetu, aliruhusu matajiri watozwe pale tu hazina inapokuwa tupu na haja ni ya kweli. Naye Imamu Nawawi alikataa kumpa Sultani Baybars wa Misri fatwa ya kuwatoza raia fedha za vita, hadi kwanza mikanda ya dhahabu ya watumwa wake na mapambo ya vijakazi wake yatumike.

Kwa hiyo ushuru wa halmashauri unaojenga zahanati na barabara si haramu kuutoa, na kuukwepa kwa hila ni kosa, leta istighfari. Makato yasiyopitishwa na mkutano mkuu wa chama chenu cha msingi, au yasiyo na stakabadhi, dhambi yake iko kwa anayekata, nawe una haki ya kusimama mkutanoni na kudai yasomwe moja baada ya jingine.

Linalonihuzunisha zaidi, ndugu yangu, ni hiyo kangomba. Mnunuzi hukujia wakati wa njaa, korosho zingali maua, akakupa fedha kidogo. Msimu ukifika hujaza kipimo chake hadi korosho zinamwagika pembeni, na hesabu yake ni ya kilo moja. Umekimbia makato yanayoandikwa, ukakatwa zaidi pasipo maandishi. Kama bado anakudai, mlipe fedha yake taslimu, usimwahidi tena mazao, na ada ya mwaka huu izungumze mapema na mwalimu mkuu na jamaa zako, akiwemo huyo kijana.