Kusaka Vikasha na Watoto Karibu na Ikweta

Jiokeshingi ni mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa, GPS ikiwa kiongozi. Ulianza Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuvuruga mawimbi ya setilaiti yanayotumiwa na raia. Simu yenye programu ya mchezo huu inatosha. Kila kikasha hupewa alama 1 hadi 5 za ugumu wa kukipata, na nyingine za ugumu wa njia. Mkiwa na watoto, msivuke 2 kwa zote mbili.

Kosa baya zaidi huku kwetu Kenya ni la namba zinazoonyesha mahali kikasha kilipo. Nakuru iko kusini mwa ikweta na Kakamega kaskazini, kila mji dakika 17 hivi kutoka mstari (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya digrii, si ya saa). Ukiandika N (kaskazini) badala ya S (kusini) kwa kikasha cha Nakuru mjini, simu itakuelekeza zaidi ya kilomita 60 kaskazini, upande wa Ziwa Bogoria. Nukta nayo ina hila yake: kwa digrii tupu, alama ya kutoa ikimaanisha kusini, S 00° 17.250' si -0.17250. Gawanya dakika kwa 60, upate -0.28750. Ukikosea hapo umepotea karibu kilomita 13. Mtoto mmoja asome namba kwa sauti, mwingine aziandike, kisha wabadilishane wahakiki.

Ikweta ina faida pia. Sehemu moja ya elfu ya dakika ni kama meta 1.85 upande wowote, karibu hatua tatu za mtoto, kwa hiyo wanaweza kuhesabu wenyewe umbali uliobaki.

Mkifika meta kumi za mwisho, wekeni simu mfukoni. Hata mahali peupe hukosea meta tano hivi, na chini ya miti mikubwa ya msitu wa Kakamega hukosea zaidi, mshale ukizunguka ovyo. Angalieni kisicho cha kawaida: mawe yaliyopangwa, gome lililoegemezwa. Chunguzeni mashimo kwa fimbo kabla ya mkono, maana nyoka, nge na siafu hupenda maficho hayohayo. Ukingoni mwa kreta ya Menengai, Nakuru, mshikeni mtoto mdogo mkono muda wote. Kisumu, maliza kabla ya mvua ya alasiri, na usikae ufukoni Dunga jioni viboko wanapotoka majini.

Mkificha chenu, ombeni kwanza ruhusa ya mwenye ardhi, msichimbe, na muwe angalau meta 161 kutoka kikasha kingine. Chagueni mkebe wa plastiki ngumu wenye mpira kwenye kifuniko. Bati hushika kutu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini 2017, basi kijitabu cha majina ya wanaokipata kikasha kikae ndani ya chupa ndogo ya dawa yenye kifuniko cha kuzungusha. Wekeni penseli, kwa kuwa wino huyeyuka unyevu ukiingia. Peremende marufuku: huvuta sisimizi na nyani. Nje andikeni wazi kwamba ni mchezo, mpita njia asidhani ni taka au kitu cha hatari. Rudini kukikagua baada ya mvua kubwa ya kwanza. Kijitabu kikiwa na unyevu, badilisheni mkebe wote.