Mwongozaji aliyekataa kuacha barabara: je, alitunyima duma?

SWALI: Tulikwenda Serengeti kwa siku tatu, familia ya watu watano. Siku ya pili tulimwona duma na watoto wawili, kama mita mia moja kutoka barabarani. Magari mawili yaliingia nyasini hadi karibu nao kabisa. Mwongozaji wetu alikataa, hata tulipomwahidi bakshishi nono. Chui hatukumwona kabisa. Je, alikuwa mvivu? Safari ijayo tunafikiria kutafuta kampuni inayohakikisha wakubwa watano wote. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Duma na watoto wawili, mita mia moja, mchana kweupe. Ninao wageni waliokuja mara tatu bila kupata hilo, na wewe unaniuliza kama mlipunjwa. Hamkupunjwa, ndugu yangu.

Swali hili hunifikia kila msimu, na ndani yake mna imani ileile: wanyama wa hifadhini wameshazoea magari, kwa hiyo gari likisogea kuna ubaya gani? Hapo ndipo ninapochoka. Mnyama aliyezoea gari ni yule asiyelikimbia. Kwamba halimharibii kitu, hilo ni neno lingine.

Duma huwinda zaidi mchana kwa sababu usiku una wenyewe, simba na fisi, na yeye hana ubavu wa kugombana nao. Akikamata swala hula harakaharaka huku akiinua kichwa kuangalia nani anakuja. Silaha yake ni macho na mbio, na mbio zenyewe ni za mita mia chache tu, kisha anahema mpaka unamwonea huruma. Sasa weka Land Cruiser mbili kati yake na swala tomi aliokuwa akiwanyemelea. Swala wameshainua vichwa, windo limeisha. Mama yule hatakimbia. Atakaa chini atazame pembeni, nanyi mtapiga picha mkisema ametulia. Kumbe kazi imemharibikia, na watoto wale wawili wanasubiri nyama.

Watoto wenyewe, wakiwa wadogo, mama huwaacha wamejificha nyasini anapokwenda kuwinda, na kinga yao ni kujibana wasionekane. Dereva aliyeingia kwenye nyasi ndefu hajui tairi inaelekea wapi. Halafu kuna fisi. Nimeona zaidi ya mara moja fisi akitoka mbali na kuja moja kwa moja kwenye magari yaliyosongamana, maana kwake msongamano ule ni sawa na tai wanaozunguka angani: huenda pana nyama.

Ardhi nayo huumia. Nyika ya nyasi fupi kule kusini imekaa juu ya majivu ya volkano. Alama ya tairi haifutiki kwa mvua moja, na dereva wa kesho akiiona anadhani ni njia. (Na msinitajie Ndutu, kule kusini mpakani, kwamba huko magari huonekana nyasini. Sehemu kubwa ya Ndutu iko chini ya Mamlaka ya Ngorongoro, yenye taratibu zake. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti unabaki barabarani, basi.) Askari wa hifadhi wangemkuta mwongozaji wenu nyasini, msala ungekuwa wake. Nyinyi mngerudi Dodoma na picha.

Chui ni suala jepesi zaidi. Siku tatu bila chui ni jambo la kawaida, hata kando ya Mto Seronera ambako hupenda kulala juu ya migunga na miegea. Mara nyingi anayempata ni yule anayezima injini na kusikiliza: tumbili wanapiga kelele, kanga wanalalama, swala pala wamesimama wote wakitazama upande mmoja. Ukiwa unakimbizana na redio, madereva wakiitana kila mnyama anapoonekana, husikii lolote kati ya hayo. Wala usitafute kichwa cha chui. Tafuta mkia unaoning'inia.

Sasa hiyo kampuni yenu ya kuhakikisha. Wakubwa watano, yaani simba, chui, tembo, nyati na faru, ni orodha ya wawindaji. Iliwekwa kwa sababu ya ugumu na hatari ya kuwawinda wanyama hao kwa miguu, si kwa utamu wa kuwatazama, ndiyo maana duma wenu hayumo, wala twiga. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763 na haina uzio. Faru wake ni wachache, na hata Kreta ya Ngorongoro, ambako wengi humwona, mara nyingi ni kama jiwe la kijivu ng'ambo, unabishana na mwenzako kama limesogea. Anayekuhakikishia wote watano anauza kitu asicho nacho. Ili aonekane mkweli, dereva wake atashinda na redio koli mkononi, akizidisha mwendo ulioruhusiwa wa kilomita 50 kwa saa, nanyi mtakula vumbi na kuwapita nyamera, bweha na ndege wote kana kwamba ni magogo.

Watu hao hao ndio wanaogonga mlango wa gari ili simba anyanyuke. Simba anaweza kulala saa 20 kwa siku, mwacheni! Ndio wanaopiga miluzi, wanaocheza sauti za wanyama kwenye simu, wanaowarushia tumbili ndizi mpaka tumbili wanajifunza kuingia garini kupora. Mwaka 2025 ilisambaa video ya watalii walioshuka kwenye magari ukingoni mwa Mto Mara, kaskazini mwa Serengeti, wakawazibia njia nyumbu waliotaka kuvuka. Kila mmoja alitaka kuona kwa karibu.

Kwa tembo, kosa hilo hulipwa papo hapo. Ukiona dume ana majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, au tembo yeyote amekugeukia, ameinua kichwa na kutanua masikio, mwambie dereva arudi nyuma taratibu kabla hujatoa simu. Akikujibu kwamba huyo anatishia tu, mkifika kambini ombeni dereva mwingine.