Vilele vya mto vinapanda kila mwaka: kagua rula ya kusomea kina kwanza, modeli baadaye

Mkuu, umesema una kilele cha mtiririko wa mto cha kila mwaka kwa miaka 40, grafu inapanda, na hujui ubaki na Gumbel ya kawaida (mgawanyo wa takwimu wa kukadiria mafuriko makubwa) au uweke modeli inayobadilika na wakati. Mi hili lishanikuta. Kabla hujagusa modeli yoyote katafute daftari la kituo cha kupimia.

Nilikuwa na mto wa miaka 38, nikafiti GEV (familia ya migawanyo ya vilele yenye parameta tatu: mahali yaani kiwango, skeli yaani mtawanyiko, na umbo yaani uzito wa mkia), nikaacha parameta ya mahali ipande na mwaka, thamani ya p ikatoka ndogo safi kabisa, kana kwamba trendi si ya bahati, ripoti ikaenda. Baadaye mzee aliyekuwa anasoma kina pale mtoni ananiuliza "kwani hukuambiwa rula ilihamishwa?" Kumbe walipoirudisha sifuri yake ilikaa chini kwa kama sentimita 40, ila kevu ya kugeuza kina kuwa mtiririko wakaiacha ileile, kwa hiyo kila mafuriko baada ya hapo yakaonekana makubwa kuliko yalivyokuwa. Nikakata data vipande viwili, kila kipande kimelala tu. Trendi yote ilikuwa rula! Na hata kituo kikiwa kizuri, kumbuka mafuriko yenyewe yakija ni nadra mtu kupima mtiririko, wanasoma kina halafu kevu inarefushwa kupita pale ilipopimwa, yaani zile pointi za juu unazozitegemea zaidi ndo zenye ubahatishaji mwingi.

Data ikishapona, acha mahali pasogee, labda na skeli, ila umbo liache palepale. Kwa miaka 40 umbo linayumba vibaya, mi nilitoa mwaka mmoja tu likashuka kutoka 0.2 hadi karibu sifuri (hapo ushafika Gumbel) na makadirio ya mafuriko ya miaka 100 (yenye uwezekano wa 1% kwa mwaka) yakapungua zaidi ya robo. Linganisha modeli kwa AIC (alama inayopima modeli inavyofiti huku ikiadhibu parameta nyingi, ndogo ndo bora). Pia badala ya kufanya parameta zifuate mwaka, jaribu zifuate mvua au eneo lililojengwa, maana mwaka wenyewe hauleti maji.

Halafu usimpe injinia "mafuriko ya miaka 100" kavu kavu. Hata bila trendi, 1% kwa mwaka ndani ya miaka 30 ni kama 26% ya kuyaona walau mara moja. Kama uwezekano unabadilika, chukua wa kutofurika kwa kila mwaka, zidisha yote, toa kwenye 1, hiyo ndo hatari ya maisha ya daraja.

Ukilipata daftari weka hapa tarehe walizogusa rula, tuangalie kama grafu yako inaruka palepale.